Karate, taekwondo, judo au jiu-jitsu? Linganisha mazoezi, mkanda na watu

Anayetaka kuanza sanaa ya mapigano karibu kila mara huuliza: ipi ni kali zaidi? Jibu lake halimfikishi popote. Aliyefanya judo miaka 5 atamshinda aliyefanya karate miezi 3. Geuza miaka na miezi, na matokeo yanageuka. Kinachoamua kama utadumu au utaacha mapema ni mambo ya kawaida kabisa: jioni zako utazitumia kufanya nini, ngazi utazipandaje, na utakuwa na akina nani.

Nimechukua nne ambazo wengi hukwama kati yake. Karate na taekwondo ni za kupiga kwa mikono na miguu. Judo na jiu-jitsu ya Brazili ni za kushika, kuangusha, kubana na kukaba. Ukizitazama kwa mbali zinafanana: vazi pana, mkanda kiunoni, watu wanainamiana mwanzo na mwisho. Kaa pembeni utazame kipindi kizima ndipo utaona zilivyo mbalimbali.

Vigezo

Cha kwanza ni mazoezi. Hapa usiangalie jasho, maana zote zinatoa jasho. Angalia muda: ni kiasi gani unafanya peke yako, kiasi gani na mwenzako anayekubali umfanyie, na kiasi gani na mwenzako anayekataa.

Cha pili ni mkanda, na hasa kile ambacho mkanda unapima. Watu hulinganisha mkanda mweusi wa karate na mweusi wa jiu-jitsu kana kwamba ni noti za benki moja. Sivyo. Kila sanaa ina kipimo chake, na kipimo hicho kinatokana na namna wanavyofanya mazoezi.

Cha tatu ni watu: ukiacha mwalimu, nani anakufundisha, nani anakutegemea, na mkimaliza mnaachana vipi.

Mazoezi

Kipindi cha karate huwa na sehemu tatu. Kihon ni misingi: mnajipanga kwa mistari na kupiga ngumi, vizuizi na mateke hewani kwa hesabu ya mwalimu. Kata ni mfululizo wa mbinu uliopangwa, unaufanya kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho bila kubadilisha kitu. Kumite ndiyo pambano. Uzito wa kila sehemu unategemea mtindo, na tofauti ni kubwa kuliko wageni wanavyodhani. Shotokan inatokana na Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa, kisiwa cha Japani, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Ina kihon na kata kwa wingi, na katika mashindano pigo zuri ni lile lililofika likiwa limedhibitiwa. Kyokushin, iliyoanzishwa na Masutatsu Oyama, mnapigana bila glavu, ngumi za kifua na tumbo kwa nguvu, mateke mpaka kichwani, ila ngumi ya uso ni marufuku. Zote mbili zinaitwa karate. Ukialikwa karate, uliza kwanza karate ipi.

Katika karate nyingi, sehemu kubwa ya kazi unaifanya peke yako hata mkiwa ukumbi mzima. Wanaopenda mapambano husema huo ni udhaifu, na wana hoja: hewa haikwepi wala hairudishi. Lakini kuna upande wa pili. Kata unaweza kuifanya alfajiri ukiwa na nafasi ya hatua chache tu, bila mkeka, bila mwenzako, ukiwa na miaka 20 au 70. Mwanajudo aliyekosa mwenzake hana raha hiyo.

Taekwondo ni miguu. Mtanyoosha viungo sana, mtapiga pedi sana, mtafanya poomsae, ambazo ni ndugu wa kata, kisha kyorugi, yaani pambano. Ukitaka kuielewa anzia kwenye pointi. Kwa kanuni zilizotumika Olimpiki ya Paris 2024, ngumi ya kiwiliwili ilikuwa na pointi 1, teke la kiwiliwili 2, teke la kichwa 3, teke la kuzunguka la kiwiliwili 4, na la kuzunguka la kichwa 5. Kwa hesabu hiyo usitegemee mtu atumie jioni yake kufundisha ngumi. Huo ni upande wa shirikisho la World Taekwondo. Upande wa ITF, shirikisho alilolianzisha Choi Hong Hi mwaka 1966, una mifululizo yake 24 na mapambano ambayo mkono unaruhusiwa kufika kichwani kwa mguso mwepesi. Hapa pia uliza ni upande upi.

Judo inaanza kwa kuanguka. Kidevu unakibana kifuani, mgongo unauviringisha, na mkono ulionyooka unapiga mkeka kabla uzito wote haujafika chini. Mwanzoni unajiona mjinga. Baadaye mwili unafanya wenyewe, na hiyo pengine ndiyo mbinu pekee katika sanaa zote nne utakayoitumia mtaani bila ugomvi, siku utakapoteleza. Kisha inakuja uchikomi: unashika kola na mkono wa vazi, unamvuta, unaingia, unageuza nyonga mpaka mwenzako abaki kwenye ncha za vidole vya miguu, unamrudisha, unaingia tena, ukimaliza zamu yako naye anachukua yake. Mwisho ni randori, ambapo kila mmoja anataka kumwangusha mwenzake kweli.

Hiyo randori ndiyo kazi kubwa ya Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882. Jujutsu ya zamani, sanaa ya Kijapani ambayo judo ilitokana nayo, ilikuwa na mapigo na mbinu za kuvunja ambazo huwezi kumfanyia mwenzako kwa nguvu zote ukategemea kesho arudi. Kano aliziweka mbinu hizo kwenye kata, akabakisha kwenye pambano la mazoezi zile tu ambazo watu wanaweza kuzifanya kwa nguvu siku baada ya siku. Kwa kuondoa hatari akaongeza ukali wa mazoezi.

Jiu-jitsu ya Brazili ni mtoto wa wazo hilo hilo. Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, shule ya Kano, alifika Brazil mwaka 1914, na kwake ndiko ulikoanzia mlolongo uliofika kwa ukoo wa Gracie. Wao walitia mkazo mapambano ya chini mkekani, pale judo inapokupa sekunde chache kabla mwamuzi hajawasimamisha. Kipindi cha kawaida ni kupasha mwili moto, mbinu mbili tatu na mwenzako, kisha raundi za dakika kadhaa za kupambana mkianzia magotini au mmekaa. Ukikabwa au kiungo kikikunjwa, unamgonga mwenzako mara mbili kwa kiganja, naye anaachia papo hapo. Ndiyo maana mgeni anaweza kushindwa mara tano katika raundi moja na kesho akarudi mzima. Kuna ya vazi na ya bila vazi. Kwa anayeanza tofauti si kubwa sana, isipokuwa kwamba vazi linapunguza kasi na kukupa muda wa kufikiri.

Mkanda

Ngazi zote hizi zina asili moja. Kano alichukua wazo la dan, yaani ngazi za juu zinazoanzia mkanda mweusi, lililokuwa likitumika katika mchezo wa ubao wa go, na mwaka 1883 akawapa wanafunzi wake wawili, Shiro Saigo na Tsunejiro Tomita, dan za kwanza. Funakoshi akafuata mfano huo mwaka 1924 katika karate. Rangi nyingi za katikati zilienea kupitia Ulaya, na anayetajwa mara nyingi ni Mikonosuke Kawaishi, aliyefundisha judo Paris miaka ya 1930. Mti ni mmoja, basi, lakini matawi yamekwenda mbali.

Katika karate mkanda unapima usahihi. Kyu, ngazi za kabla ya mweusi, zinahesabiwa kushuka mpaka ya 1, kisha dan zinahesabiwa kupanda. Unasimama mbele ya meza ya watahini: kihon, kata, kumite. Anayefanya mazoezi kwa bidii huchukua miaka michache kufika mweusi, mara nyingi 3 hadi 5. Uzuri wake ni kwamba unajua mtihani una nini na unaweza kujiandaa hata kama si mpiganaji wa kuzaliwa. Ubaya ni vyama kuwa vingi mno: dan yako ya chama hiki inaweza kuchukuliwa kama barua ya utambulisho tu ukienda kwingine.

Taekwondo ina mpangilio nadhifu kuliko wote. Zipo geup, ngazi za kabla ya mweusi, kisha dan, na aliye chini ya miaka 15 hupewa poom badala ya dan. Kwa upande wa World Taekwondo, vyeti vya dan hutolewa na Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, na muda wa kusubiri umeandikwa: angalau mwaka 1 kutoka dan ya 1 kwenda ya 2, miaka 2 kwenda ya 3, miaka 3 kwenda ya 4. Ukihamia nchi nyingine, cheti hicho kinaeleweka. Kasoro inayosemwa sana ni mitihani ya mara kwa mara yenye ada, hasa kwa watoto. Kuna kumbi ambapo hakuna anayefeli. Si kosa la sanaa, ila ukiona ratiba ya mitihani ina uhai kuliko ratiba ya mapambano, hesabu vizuri.

Judo iko katikati. Unafanya mtihani wa mbinu na kata, lakini nchi nyingi zinahesabu pia matokeo ya mapambano unapodai dan, na mahali pengine ukiwaangusha wapinzani kadhaa wa ngazi yako mfululizo unapandishwa siku hiyo hiyo. Mkanda wa judo hivyo unapima unachokijua pamoja na unachoweza kumfanyia mtu asiyetaka. Juu kabisa rangi zinabadilika: nyekundu na nyeupe kuanzia dan ya 6, nyekundu tupu kwa ya 9 na ya 10.

Lakini ngazi hutolewa na watu, na watu wana vizuizi vyao. Keiko Fukuda, mwanamke wa Kijapani, alijifunza judo kwa Kano mwenyewe. Kwa miaka mingi Kodokan haikuwapandisha wanawake kupita dan ya 5, na yeye akabaki hapo. Alipata ya 6 mwaka 1972, ya 9 kutoka Kodokan mwaka 2006, na ya 10 kutoka chama cha judo cha Marekani mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 98. Ujuzi wake haukungoja tarehe hizo.

Jiu-jitsu ina mikanda mitano tu kwa watu wazima mpaka mweusi: mweupe, buluu, zambarau, kahawia, mweusi. Kwa kanuni za shirikisho la IBJJF hupati buluu kabla ya miaka 16 wala mweusi kabla ya 19, na unakaa angalau miaka 2 kwenye buluu, mwaka mmoja na nusu kwenye zambarau, mwaka 1 kwenye kahawia. Hicho ni kima cha chini. Wengi husafiri takriban miaka 10. Kumbi nyingi hazina mtihani. Mwalimu anakutazama ukipambana, miezi inapita, anakuongezea vijistari vyeupe kwenye ncha ya mkanda, na siku moja anakuita mbele. Kinachopimwa ni kile unachofanya na watu wanaokukataza. Ni kipimo kigumu kudanganya, maana mwenye buluu ya uongo atajulikana ndani ya dakika chache na mgeni yeyote mwenye nguvu. Lakini kinategemea jicho la mtu mmoja. Kama mwalimu ana upendeleo, au umehama na yule aliyekuwa anakufuatilia hayupo, huna meza ya kukata rufaa. Na kukaa na mkanda mweupe miaka miwili kunahitaji moyo.

Kama unajijua kwamba bila alama ndogo za maendeleo unakata tamaa, usione haya: karate na taekwondo zimepangwa vizuri kwa watu kama wewe.

Watu

Karate inawapanga watu kwa ngazi, mkubwa upande mmoja wa mstari, mgeni upande wa pili. Senpai, aliyetangulia, anamrekebisha kohai, aliyemfuata, kohai anafagia sakafu, na katika dojo nzuri, yaani ukumbi wa mazoezi, senpai naye anafagia. Mnazungumza kidogo wakati wa kazi. Udugu wake unakua polepole, kwa kutoa jasho pamoja na kwa kusubiriana wakati wa mtihani. Kwa mkimya au mwenye aibu, utaratibu huo ni kimbilio: hakuna anayekulazimisha kujieleza.

Taekwondo ina sura ya familia kuliko nyingine. Si ajabu kumkuta mzazi na mwanawe wamesimama mstari mmoja, mtoto akiwa na mkanda wa juu kuliko mzazi. Kushikiana pedi nako kuna darasa lake: anayeshika vibaya anamwumiza mwenzake kifundo, kwa hiyo mnajifunza mapema kuangaliana.

Katika judo mwili wako ndio kitabu cha mwenzako. Asipopata mtu wa kumwangusha hajifunzi, na wewe ukikataa kuanguka unamnyima. Kano alilifanya hili kuwa moja ya nguzo mbili za judo, jita kyoei, kustawi kwa pamoja. Kwa vitendo linaonekana sekunde ya mwisho: anayerusha anaendelea kushika mkono wa vazi la mwenzake na kuuvuta juu kidogo ili ashuke salama. Mtu aliyekufanyia hivyo jioni moja baada ya nyingine mnazoeana bila hotuba.

Jiu-jitsu ina maneno mengi zaidi. Kati ya raundi watu wanakaa ukutani wakihema, mmoja anauliza "ulinikaba vipi pale?", na aliyemkaba anamwonyesha. Kushindana na kufundishana viko karibu sana. Vyeo vya nje vinayeyuka haraka. Bosi anakaliwa kifuani na mwanafunzi wa chuo mwembamba, na wote wanacheka. Upande wake wa giza ni ushabiki wa timu. Kuna kumbi ambazo kwenda kufanya mazoezi kwingine ni usaliti, na anayehama anabandikwa jina la creonte, yaani msaliti.

Hili la mwisho nalitanua kwa sanaa zote nne. Heshima kwa mwalimu ni sehemu ya kazi. Mwalimu anayekukataza kutembelea kumbi nyingine, anayemtumia mwenye mkanda wa juu kumwadhibu mgeni, au asiyeulizika kuhusu jinsi anavyokaa na watoto, huyo si wa kuheshimiwa kimyakimya. Ondoka, hata kama sanaa yenyewe unaipenda.

Mwili

Kwa ufupi. Judo ni ngumu kwa magoti na mabega kwa sababu ya kuanguka na kupinda ukiwa umesimama. Jiu-jitsu inachosha vidole na shingo, na kwa kuwa ngozi hugusana muda mrefu, choa hupita kwa urahisi: kata kucha, oga mara tu baada ya mazoezi, fua vazi kila mara. Taekwondo inadai nyonga zinazofunguka na vifundo imara, na mateke ya kichwa ni mateke ya kichwa. Karate ya kihon na kata ndiyo laini kuliko zote; Kyokushin ndiyo ngumu kwa miundi na mbavu.

Kwa hali yako

Kama muda wako haueleweki, leo upo kesho huna nafasi, karate itakuvumilia. Utachukua kata nyumbani na usipofika wiki nzima hutakuwa umepoteza njia. Ni hivyo hivyo kwa aliyeanza na umri mkubwa au anayerudi baada ya jeraha, mradi daktari amekubali na mtindo si wa kupigana kwa nguvu.

Kama unamtafutia mtoto, angalia kwanza mtoto mwenyewe. Anayekimbia na kuruka muda wote atafurahi taekwondo, na vipindi vya mitihani vitampa kitu cha kungojea. Anayependa kushikana na kuviringishana atafurahi judo, na ujuzi wa kuanguka atakua nao. Jiu-jitsu ya watoto nayo ina mikanda yake ya ziada, kijivu, njano, chungwa na kijani, hivyo hakai na mweupe mpaka abalehe.

Kama ndoto yako ni Olimpiki, judo imo tangu Tokyo 1964, ingawa 1968 iliachwa na wanawake wakaanza kugombea medali rasmi mwaka 1992. Taekwondo ni mchezo kamili tangu Sydney 2000. Karate ilipata nafasi Tokyo, kwenye michezo iliyofanyika 2021, na Paris 2024 haikuwemo. Jiu-jitsu ina mashindano makubwa yake yenyewe, yaliyogawanywa kwa umri, uzito na mkanda, kiasi kwamba hata mwenye mkanda mweupe wa miaka 45 anapata wa kulingana naye.

Kama shaka yako ni "hii itafanya kazi kweli?", nenda kwenye moja ya zile ambazo mtu anakupinga kila wiki: judo, jiu-jitsu, Kyokushin, au taekwondo yenye kyorugi ya mara kwa mara. Mdogo wa mwili asiyependa kupigwa usoni huwa anatulia zaidi kwenye jiu-jitsu. Anayependa kusimama wima na kumaliza jambo kwa tukio moja kubwa atachoshwa na jiu-jitsu na kuipenda judo.

Kama unachotafuta hasa ni watu, kwa mfano umehamia mji mpya na hujui mtu, usichague sanaa kwanza. Tembelea kumbi zilizo karibu nawe, za aina yoyote kati ya hizi, na uende siku ya mapambano badala ya siku ya mtihani au maonyesho. Mtazame mwenye mkanda wa juu kabisa akipangiwa mgeni kabisa. Angalia anatumia nguvu kiasi gani, anasimama kueleza au la, na kipindi kikiisha mgeni anabaki kuzungumza na nani.